Jiwe la Kusagia na Nyumba ya Mashine: Habari za Karatu na Ngorongoro

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazee, walimu na watu wa vijiji waliokutanika Karatu.)

Tumeombwa kusema machache juu ya mambo ya kale ya nchi hii. Pengine mlitazamia tutasimulia habari za vita, au za watawala, au za wanyama wa Ngorongoro ambao watu huvuka bahari kuja kuwatazama. Mambo hayo yana wasimulizi wengi. Sisi tumechagua jambo dogo ambalo kila mmoja wenu amelionja kabla ya kufika hapa, maana ni nani aliyetoka nyumbani kwake leo pasipo kula ugali au kunywa uji? Twataka kusema juu ya unga: jinsi ulivyosagwa katika nchi hii tangu zamani, ni nani aliyeusaga, katika nyumba gani, na kwa nini yatupasa kuzitunza habari hizo.

Huenda mtu akauliza, "Je, kusaga nako kuna historia?" Twamjibu hivi: Nafaka iliyo ghalani bado si chakula. Kati ya shamba na chungu pana kazi moja isiyoepukika, nayo ni kazi ya kusaga. Mwenye kuishika kazi hiyo ameshika maisha ya nyumba. Kwa hiyo, tukiufuata unga katika njia yake tutajua ni nani waliobeba mzigo wa nchi hii, na jinsi mkulima wa Karatu na mchungaji wa Ngorongoro walivyohitajiana tangu zamani hata leo.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Juu yetu iko milima iliyotokana na moto wa chini ya ardhi, na katikati yake liko lile bonde la mviringo la Ngorongoro, ambalo upana wake ni kama kilomita 19 na kina chake ni kama mita 600. Juu ya ukingo wa bonde hilo mna msitu unaoshika mawingu, na kutoka katika msitu huo hutoka vijito vinavyoteremka hata mashamba yetu ya Karatu. Basi huko juu kuna majani na ng'ombe. Huku chini kuna udongo mwekundu na nafaka. Mungu aliziweka nchi hizi mbili zikipakana, na wenyeji wake hawakuweza kuishi kana kwamba hawajuani.

Watu wa zamani sana walikaa ndani ya bonde la Ngorongoro. Makaburi yao ni marundo ya mawe. Mtaalamu mmoja Mdachi, jina lake Hans Reck, aliyachimba baadhi yake mwaka 1913, na Bibi Mary Leakey akachimba mengine mwaka 1941. Ndani yake mlionekana mifupa ya watu, shanga, na bakuli zilizochongwa kwa mawe. Watu hao walikuwa wafugaji, nao walikaa hapa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watu wa desturi kama hiyo walikaa pia katika nchi ya Kenya. Katika pango moja la Mto Njoro, lililochimbwa mwaka 1938, ilionekana kwamba maiti walizikwa kila mmoja na bakuli lake la jiwe, jiwe lake la kusagia, na mchi wake wa jiwe. Hatusemi kwamba mawe yale yalisaga mtama, kwa kuwa jiwe laweza kusaga udongo mwekundu wa kujipaka au mbegu za mwituni. Lakini jambo moja laonekana wazi: watu wale waliona kwamba haifai mtu kwenda safari ya mwisho bila jiwe lake la kusagia. Hivyo walivyoliheshimu.

Baadaye, chini ya milima hii upande wa mashariki, mahali paitwapo Engaruka, waliishi wakulima hodari sana. Walijenga kuta za mawe, wakachimba mifereji, wakayaleta maji ya mito katika mashamba yao. Mashamba yale yalikuwa makubwa, hata leo mtu akisimama juu ya mteremko aona mistari ya mawe ikienda mbali. Wataalamu waliochimba pale waliona punje za mtama zilizoungua. Watu hao walikaa tangu karne ya 15 hivi mpaka karne ya 18, kisha wakapahama. Wako wataalamu wanaodhani kwamba baadhi ya wazao wao ni miongoni mwa Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu. Ikiwa ni kweli au si kweli, twajua hili: watu wengi wenye mtama mwingi hawakosi kuwa na mawe mengi ya kusagia, na wanawake wengi wa kuyainamia.

Wairaqw wenyewe walikuwa wakikaa katika milima iliyo kusini ya hapa, katika nchi yao ya asili ya Irqwar Da'aw. Walijenga nyumba zao kwa kuchimba ubavu wa kilima na kuzifunika kwa paa la udongo, hata adui aliyepita mbali asitambue kwamba pana nyumba. Katika karne ya 20, hatari ya kushambuliwa ilipopungua na vichaka vya mbung'o vilipofyekwa, waliteremka na kuenea kaskazini, wakaifanya Karatu kuwa nchi ya mashamba. Walikuja na ng'ombe, na majembe, na mbegu. Na kila nyumba ilikuwa na jiwe lake.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa katika siku za mashine, yafaa tueleze kazi ya jiwe. Mawe ni mawili. La chini ni bapa, pana, limelazwa kwa mteremko kidogo. La juu ni dogo, hushikwa kwa mikono miwili. Mwanamke hupiga magoti nyuma ya jiwe la chini, hutia konzi ya nafaka, kisha husukuma jiwe la juu mbele na kulirudisha, akiulalia uzito wa mwili wake wote. Unga huanguka mbele juu ya ngozi au ungo. Nafaka ngumu hupitishwa mara mbili au mara tatu. Ili kuwapatia watu wa nyumba moja unga wa siku moja, mwanamke alikaa magotini saa nzima au zaidi, kabla hakujapambazuka, na mara nyingi alikuwa na mtoto mgongoni. Jiwe likilainika haliumi nafaka, hivyo lilipaswa kugongwagongwa na jiwe jingine ili lipate kukwaruza tena. Kazi hiyo ya kunoa jiwe ilikuwa na fundi wake, naye ni mwanamke yule yule. Tena jiwe jema halikuokotwa njiani. Lilitafutwa, likachaguliwa, likabebwa, na mama alimwachia binti au mke wa mwanawe. Kwa hiyo jiwe moja laweza kulisha vizazi vitatu au vinne.

Sasa na tupande juu kwa wachungaji. Mmasai wa zamani alijisifu kwa maziwa, nyama na damu, naye aliliona jembe kuwa kazi ya watu wengine. Lakini wanawake wa Kimasai waliyajua masoko ya mpakani, wakachukua ngozi na maziwa, wakarudi na nafaka. Katika miaka ya neema jambo hilo lilikuwa dogo. Katika miaka ya msiba lilikuwa uzima au kifo. Mnamo mwaka 1890 na miaka iliyofuata, sotoka iliua ng'ombe wengi kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki, na ndui ikaua watu. Mwezi wa Machi mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alifika Ngorongoro, naye ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona bonde lile. Alikuta Wamasai wenye njaa kali, wamekonda, wakimzunguka kambini kutafuta chochote cha kula. Katika siku hizo watu waliokuwa na maelfu ya ng'ombe walikwenda kwa wakulima kuomba mtama, na wengine waliwaacha watoto wao huko ili wapate kuishi. Hapo mchungaji aliujua uzito wa jiwe la kusagia la jirani yake. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini katika nchi yetu mwenye shibe wa mwaka huu huwa ndiye mwenye njaa wa mwaka ujao, kwa hiyo yafaa ajue mapema.

Kisha walikuja Wadachi. Kabla ya Vita ya 1914 ndugu wawili, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifanya mashamba ndani ya bonde la Ngorongoro. Mmoja alijenga nyumba ya mawe karibu na mto Munge, na mwenziwe alikaa upande wa msitu wa Lerai. Walifuga ng'ombe, wakalima, wakajaribu kuwafukuza nyumbu ili wasile majani ya mifugo yao. Vita ilipokuja shughuli zao zilikwisha, na mali za Wadachi zikatwaliwa. Wageni wanaoteremka katika bonde huambiwa habari za nyumba ile ya Munge, na jina la mwenye nyumba limeandikwa katika vitabu vingi. Hatuoni vibaya kwamba limeandikwa. Lakini twaomba mfikiri kidogo. Mtu aliyekaa miaka isiyotimia 20 ana nyumba inayokumbukwa, na mwanamke aliyesaga miaka 50 katika nchi hiyo hiyo hana hata mstari mmoja wa kumtaja. Tofauti yao ni hii tu, kwamba wa kwanza alikuwa na wenye kalamu karibu naye. Sasa sisi nasi tuna kalamu.

Baada ya vita, Wadachi waliruhusiwa kurudi Tanganyika tangu mwaka 1925, na wengi wao wakachukua mashamba hapa Oldeani na Karatu, wakalima kahawa na ngano. Mwaka 1939 vita ya pili ilipoanza, walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yakapata wenyeji wengine. Baba zetu na babu zetu walifanya kazi katika mashamba hayo, nao wakajifunza habari za ngano, plau na injini. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakulima wa Kiiraqw wenyewe wakaanza kulima ngano kwa matrekta katika tambarare za Karatu, hata nchi yetu ikajulikana kwa ngano yake.

Hapa mtu ataka kujua, mashine ya kusaga ilitoka wapi? Katika nchi nyingi za dunia kabla ya injini palikuwa na kinu cha maji. Kinu hicho ni mawe mawili ya mviringo, moja juu ya moja. La chini halitikisiki. La juu huzungushwa na gurudumu linalosukumwa na maji ya mto. Nafaka huingia kwa tundu lililo katikati ya jiwe la juu, nayo husagika ikienda ukingoni kwa kufuata mifereji iliyochongwa katika mawe. Huko Ulaya mwenye kinu alijenga nyumba yake kando ya mto, juu ya kinu au ubavuni mwake, ili aweze kusikia usiku kama maji yamezidi. Katika Afrika ya Mashariki misioni kadha wa kadha zilijenga vinu vya namna hiyo. Huko Kaimosi, magharibi ya Kenya, Wamisionari wa Kikweka walioanza kazi mwaka 1902 walitumia maji ya mto kupasua mbao na kusaga mahindi, na baadaye Waafrika wa nchi zile wakajenga vinu vya maji vyao wenyewe. Lakini kinu cha maji chataka mto wenye nguvu usiokauka. Vijito vyetu vya Karatu ni vyembamba, wakati wa kiangazi hupungua sana, na maji yake yana kazi nyingine ya kunywesha watu, mifugo na bustani. Kwa hiyo mashine iliyotufaa sisi ni mashine ya injini.

Mashine hiyo si ya mawe tena. Ndani ya sanduku la chuma mna mhimili wenye vipande vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kuipiga nafaka kama nyundo, hata inavunjika na kuwa unga. Chini yake pana bati lenye matundu madogo. Unga usiopita katika matundu hurudi kupigwa tena. Ukiweka bati lenye matundu makubwa utapata chenga za kuku. Ukiweka lenye matundu madogo utapata unga laini. Injini ya dizeli huzungusha gurudumu, na gurudumu huvuta mkanda mrefu unaoizungusha mashine. Mashine moja hufanya kwa dakika chache kazi ambayo mwanamke aliifanya magotini asubuhi nzima.

Katika mambo ya unga Serikali nayo iliingia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitwaliwa na taifa, na likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Wengi wenu mwakumbuka miaka ambayo nafaka iliuzwa kwa njia moja tu iliyowekwa. Baadaye biashara ilifunguliwa tena. Lakini katika mabadiliko hayo yote mashine ndogo ya kijijini iliendelea kunguruma, kwa maana mama hawezi kuwangojea wenye mipango wamalize kupanga ndipo apike. Na tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umevifikia vijiji vingi, na injini nyingi za dizeli zimeacha nafasi kwa mota ya umeme.

Basi, nyumba ya mashine ilikuwa nyumba ya namna gani? Ninyi nyote mwaijua. Ni nyumba ya matofali au ya udongo, yenye paa la bati. Chumba kimoja ni cha injini, nacho ni cheusi kwa mafuta. Chumba cha pili ni cha mashine, nacho ni cheupe, kuta na buibui na hata nyusi za mwenye mashine. Nje pana kivuli cha watu kungojea, na nyuma pana chumba ambamo msagaji hulala ili kulinda mali. Mlio wake husikika mbali, nao ulikuwa ni tangazo: mlio ukisikika watu hujitwika madebe, usiposikika hujua kwamba mafuta yamekwisha au chuma kimevunjika. Hapo mlangoni watu walipata habari za ndoa, za misiba, za bei ya ng'ombe na za mvua. Mkulima na mchungaji walikaa katika benchi moja, wakingojea zamu moja, na punda wao wakafungwa katika mti mmoja.

Tulipokuwa watoto, mama yetu mzazi alitutuma mashineni mara nyingi, nasi twakumbuka siku moja ambayo hatutaisahau. Mama alikuwa na desturi ya kupima nafaka yake nyumbani kwa kibaba chake mwenyewe. Siku hiyo tulichukua debe moja la mahindi, yaani kilo 18 hivi, na unga tuliorudi nao ulikuwa umepungua sana. Mama hakututukana. Safari ya pili alikwenda mwenyewe, akachukua kibaba chake, akapima mbele ya watu kabla ya kusaga, na baada ya kusaga akapima tena kwa mizani ya duka la jirani. Ilionekana kwamba chini ya mashine paliwekwa ubao ulioshika sehemu ya unga wa kila mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na yule msagaji alikuwa amejaza magunia. Wazee waliokuwapo hawakumpiga wala hawakumfukuza. Walimwambia autoe ule ubao, na tangu siku hiyo mizani ikawekwa mlangoni. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa alijirekebisha, tena ana watoto wanaoishi kwa heshima. Lakini tulijifunza kwamba mashine haina dhambi na haina haki. Haki yake ni ile ya watu wanaoisimamia.

Jambo la mwisho katika historia hii ndilo zito kuliko yote, nalo lahusu ndugu zetu wa juu. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi ya Serengeti, ikafanywa kuwa nchi ambayo wanyama watahifadhiwa na wachungaji wataishi humo. Wakati huo watu wake walikuwa wapatao 8,000. Mwaka 1974 waliokaa chini bondeni walihamishwa wakae juu. Mwaka 1975 sheria ilikataza kulima katika eneo lote. Mwaka 1992 katazo lililegezwa, na watu wakalima vishamba vidogo vya mahindi, viazi na maharage karibu na maboma yao. Mwaka 2009 katazo likarudishwa. Katika muda huo watu waliongezeka hata wakapita 90,000, wala ng'ombe hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamia Msomera katika wilaya ya Handeni, na jambo hilo lina maneno mengi ambayo hapa si mahali pake. Sisi twasema lile lihusulo unga tu. Mtu asiyeweza kulima, na ambaye maziwa ya ng'ombe wake hayatoshi, hula unga ulionunuliwa. Unga huo hupanda mlima kutoka huku kwetu, hupita lango la Lodoare, hufika bomani. Bei ya debe ikipanda Karatu, mtoto wa Ngorongoro hupungukiwa na uji. Kwa hiyo nyumba ya mashine ya Karatu si ya watu wa Karatu peke yao. Ni jikoni mwa nyumba mbili.

Sasa, ndugu zetu, tumesimulia. Na msimulizi asiyetoa shauri ni kama mashine isiyo na mkanda. Twaomba mpokee mashauri manne.

La kwanza, ni juu ya kipimo. Kila nyumba ya mashine iwe na mizani mahali panapoonekana, na nafaka ipimwe kabla na baada. Upungufu kidogo hauna lawama, kwa maana unga mwingine huruka kama vumbi na mwingine hubaki ndani ya mashine. Lakini upungufu wa kupita kiasi ni wizi, hata kama ni wa kibaba kimoja. Mnunuzi wa mbali ambaye hawezi kuja kutazama atendewe kama aliye mbele yetu.

La pili, ni juu ya usalama. Mkanda wa mashine ufunikwe kwa wavu au kwa mbao. Sisi wenyewe tuliona kanga ya mama mmoja ikishikwa na mkanda, naye alipona kwa sababu ile nguo ilikuwa kuukuu ikachanika. Si kila mtu huvaa nguo kuukuu. Watoto wasiingie katika chumba cha injini, wala moshi wa injini usiachwe kujaa ndani.

La tatu, ni juu ya chakula chenyewe. Siku hizi wengi wapenda sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, kwa kuwa ni mweupe na hukaa muda mrefu. Lakini katika kukoboa huondoka kiini na ganda, na ndimo mlimo mafuta na vitamini nyingi. Pumba huenda kwa nguruwe na kuku, nasi hubakiwa na weupe. Jiwe la bibi zetu halikukoboa mahindi namna hii; kwa hiyo dona si chakula cha aibu. Pamoja na hayo nafaka ikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa, na yenye ukungu isiletwe mashineni. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haitolewi na kusaga wala na kupika.

La nne, ni juu ya kumbukumbu, na hili twawaambia hasa ninyi walimu. Mawe ya kusagia bado yako katika vijiji vyetu. Mengine yamewekwa chini ya mlango kuwa ngazi, mengine hunywesha kuku, mengine yamelala shambani. Kila shule na itafute jiwe moja, iliweke mahali pazuri, na watoto waandike jina la mama aliyelitumia, mahali alipolipata, na nafaka aliyosaga. Tena waende katika kila nyumba ya mashine, waulize ilijengwa mwaka gani, na nani, na mashine ya kwanza ilitoka wapi. Wazee wanaojua wapo leo. Hatuna ahadi ya kuwa nao kesho.

Nasi tulifanya hivyo kabla ya kuja kusema haya. Tulikwenda kwa mama yetu tukamwuliza jiwe lake liko wapi. Alituonyesha nyuma ya jiko, limefunikwa na majani. Katikati yake pana shimo lililochimbika kwa kusaga, na mtu akitia mkono ndani yake kiganja chote huzama. Tulimwuliza kama angependa kurudi kulitumia. Alicheka sana, akasema kwamba magoti yake yamekwisha kulijibu swali hilo. Kisha akatuambia tulitoe majani, tulioshe, tulisimamishe karibu na mlango, ili wajukuu wake wakipita waulize ni kitu gani.

Basi ndugu zetu, na wakiuliza, tuwe tayari kuwajibu.